Redio ya taa ya babu imeongea tena hapa Dodoma (kabla hujavunja ya kwenu kutafuta zebaki pita hapa kwanza)

Mgogo wa Risasi:
Mbukwenyi wakuu. Nina miezi minne nasema nitaandika nitaandika, leo umeme umekata huku Veyula na simu ina chaji ya kutosha kwaiyo ngoja nishushe.

Babu yangu alikuwa mtu wa reli, stesheni ya hapahapa Dodoma mjini. Kota zao zilikuwa na umeme, kwaiyo miaka ya sitini mwanzoni akajivuta akanunua redio kubwa ya mbao ya kuchomeka ukutani, ile ambayo nyumbani tuliita redio ya taa kwa sababu ukichungulia nyuma unaona vichupa vinawaka rangi ya machungwa. Alipostaafu akarudi kijijini Kongwa na redio yake mgongoni. Kijijini umeme hamna. Sasa redio ya umeme pasipo umeme ni nini, ni meza. Ikapandishwa juu ya kabati, bibi akaifunika kitambaa cha kufuma, juu ya kitambaa ikakaa picha ya harusi ya mjomba, ikapita miaka zaidi ya arobaini hakuna aliyeigusa. Na mimi naamini hicho ndicho kilichoiokoa, mana zile zilizobaki mjini zilipita mikono ya kila mwenye bisibisi.

Mwaka jana tumeanua tanga la bibi, wazee wamekaa kugawana vyombo, akatokea jamaa na bodaboda anasema ananunua redio za zamani "zenye mercury", yani zebaki. Akataja milioni tatu. Milioni tatu wakuu! Mimi niliyekuwa nimeomba ile redio bure nikaanza kuangaliwa kama mwizi. Jamaa akatoa mfukoni kitunguu saumu na pete ya dhahabu, eti mercury halisi inakimbia kitunguu saumu na inafuata dhahabu, akazungusha zungusha pale nyuma ya redio, afu akasema lazima avunje taa moja ahakikishe. Mjomba mkubwa, Mungu ambariki, akamwambia weka kwanza hela mezani ndo uvunje. Jamaa akakumbuka ana safari ya Mpwapwa.

Ndo ikawa yangu. Naendelea, ila kwanza nani yupo?

Dada wa Makole:
Nipo, mkeka nimetandika na karanga ninazo. Shusha.

Mtu wa Pwani:
Chai. Mercury ipo bhana, shemeji yangu kabisa Tanga aliona kwa macho yake, ile rangi ya fedha inaonekana ndani ya taa juu pale. Kama haina thamani kwanini watu wanazunguka vijijini kuzitafuta?

Mgogo wa Risasi:
Mtu wa Pwani wacha nikujibu vizuri mana hili jambo limeua redio nyingi kuliko panya.

Ile fedha aliyoiona shemeji ipo kweli, hakudanganya. Ila sio zebaki, ni bariamu. Kiwandani wakishanyonya hewa yote ndani ya kichupa wanaichoma ile bariamu kidogo, inaruka na kujipaka kwenye ukuta wa ndani kama kioo, na kazi yake ni kumeza hewa yoyote iliyobaki au itakayopenya baadae. Mana taa ya redio inataka utupu kabisa ndani. Sasa wewe ukiivunja, hewa ikaingia, ile fedha inageuka ukungu mweupe palepale machoni pako, na hapo ndo tapeli anakwambia "umeona, imepaa, ungevunja taratibu". Hahaha. Yani mchezo umekamilika wenyewe.

Zipo taa zenye zebaki kweli, zile za kugeuza umeme wa AC kuwa DC kwenye mitambo mikubwa ya kurushia matangazo. Kwenye redio ya sebuleni hamna. Na watu wanazunguka vijijini kwa sababu na wao walitapeliwa na mwingine aliyewaambia kuna mnunuzi Dar. Huyo mnunuzi hajawahi kuonekana na mtu.

Faida moja tu ya ile fedha: ukikuta juu ya kichupa pamekuwa peupe kama maziwa basi hiyo taa imeingiza hewa, imekufa, usihangaike nayo. Yangu zote zilikuwa zinang'aa bado. Nikajua hapa kuna kazi ya kufanya.

Fundi Mstaafu:
Salamu vijana. Huyu bwana anasema kweli. Mimi nilianza kushika soldaringi nikiwa na miaka kumi na sita, wakati huo redio za taa ndo zinaondoka zinaingia za transista, kwaiyo nilijifunzia kwenye maiti za redio za taa. Wakoloni walianzisha Sauti ya Dar es Salaam mwaka 1951, mwaka 1965 ndo ikaitwa Radio Tanzania, kwaiyo redio ya babu yako imesikia jina likibadilika.

Swali moja tu kijana. Uliichomeka kwenye umeme siku ya kwanza au hukuichomeka?

Mgogo wa Risasi:
Shikamoo mzee. Sikuichomeka. Nilitaka, mkono ulikuwa unawasha kabisa, ila nilisoma mahali kwanza.

Fundi Mstaafu:
Marahaba. Basi endelea, umeshafaulu nusu ya mtihani.

Mgogo wa Risasi:
Haya. Kwa wasiojua kwanini mzee ameuliza vile: ndani ya redio kuna kapasita kubwa za kulainisha umeme, zile za kopo la alumini, na hizi zikikaa miaka bila umeme zinasahau kazi. Ukizipa volti 300 kwa mkupuo zinakuwa kama waya mtupu, shoti, na shoti hiyo inapita kwenye taa ya kugeuza umeme na kwenye transfoma. Taa utapata nyingine. Transfoma ikiungua ndo umezika redio. Watu wengi redio zao hazikufa kwa uzee, zimekufa ile dakika mtu anasema "ngoja tuone kama inawaka".

Nikafungua kifuniko cha nyuma. Wakuu, vumbi la Kongwa mnalijua? Jekundu, laini kama poda ya mtoto, limejaa mpaka huoni taa. Kiota cha panya kilichotengenezwa kwa kamba ya mshale (ile inayozungusha sindano ya stesheni) na vipande vya koni ya spika. Waya zenye mpira zilikuwa zimekauka ukizigusa mpira unamomonyoka kama biskuti. Ubao wa juu ulikuwa umepasuka kwa jua.

LAKINI kutu hamna. Chasisi (bati la ndani) inang'aa. Hapa ndo nikaona faida ya kwetu, nimewahi kuona redio ya kaka mmoja iliyotoka Tanga ndani ilikuwa kama imefukuliwa baharini, transfoma imeota kutu, koili zimeoza kijani. Dodoma mvua zenyewe ni za kuhesabu, Desemba mpaka Aprili basi, kinachoumia ni mbao na mpira, chuma kinabaki salama. Kwaiyo mwenye babu yake aliyeishi Bahi, Kondoa, Manyoni huko, kachungulieni makabatini.

Nilisafisha kwa brashi ya kupakia rangi na pampu ya baiskeli, siku mbili. Maji hapana. Afu nikaandika taa zilivyopangwa kabla sijachomoa hata moja: ECH81, EF89, EBC81, EL84 (ya kusukuma spika), EZ80 (ya kugeuza umeme), na moja ya pembeni EM80 ambayo ndo lile jicho la kijani linalojifunga ukipata stesheni vizuri.

KijanaWaNkuhungu:
Mkuu pole kwa kazi ila si ungetoa hayo makorokoro yote ndani ukaweka bodi ya mchina ya bluetooth na USB? Elfu ishirini na tano tu inapiga mziki balaa, na kasha linabaki la kizamani. Nimeona watu wanauza hivo bei nzuri.

Mgogo wa Risasi:
Kijana hapa naomba nikukasirikie kidogo afu tuendelee kuwa marafiki.

Hilo ni kama umepewa ng'ombe wa urithi ukamchinja ubaki na ngozi ya kukalia. Kasha la mbao na bodi ya mchina utapata kokote, kachukue kabati bovu uweke spika. Hiki kitu cha ndani hakitengenezwi tena. Na ukitaka simu yako ipige humo humo inawezekana bila kung'oa kitu, redio nyingi za zamani nyuma zina matundu mawili yenye alama ya sahani ya santuri, yalikuwa ya kuunganishia gramafoni. Unaingiza waya wa simu pale, muziki unapita kwenye EL84 unatoka na ule uzito wake. Mimi nimeshamwekea bi mkubwa kwaya zake humo, na zeze la marehemu Hukwe Zawose nimelisikiliza humo, yani unasikia kabisa uzi unavyokwaruzwa.

Fundi Mstaafu:
Ngoja niweke onyo kwenye hilo la kuunganisha simu, mana naona litaua mtu. Ni kwa redio yenye transfoma ya umeme TU. Kijana wa Nkuhungu unayo redio yako?

KijanaWaNkuhungu:
Ninayo mzee ndo nilitaka kuing'oa hahaha. Ndogo ya plastiki ngumu nyeusi. Taa zake zimeandikwa UCH81, UBF89, UCL82, UY85. Nimeichomeka mara moja ikanipiga shoti kwenye skrubu ya kitufe cha volyumu nikaiacha.

Fundi Mstaafu:
Nilijua. Sikiliza kwa makini.

Herufi ya kwanza ya taa inakwambia inavyokula umeme. E ni volti 6.3, hizo zinalishwa na transfoma. U maana yake nyuzi zake zimepangwa foleni moja, umeme wa miliampia 100 unapita taa hii unakwenda hii unakwenda hii, moja kwa moja kutoka ukutani, transfoma hamna. UCH81 inakula volti 19, UBF89 volti 19, UCL82 volti 50, UY85 volti 38. Jumlisha, 126. Umeme wetu ni 230, kwaiyo volti 104 zilizobaki zinamezwa na rezista moja kubwa ya kama ohmu elfu moja na inatoa joto la wati kumi na zaidi, ndo mana redio hizo zinapata moto kama pasi.

Sasa ubaya wake. Chasisi yote, lile bati la ndani, limeungwa na waya mmoja wa ukutani. Ukichomeka plagi kinyume chasisi nzima ni umeme hai, na skrubu ya kitufe imegusa chasisi. Hukupigwa kwa bahati mbaya, imetengenezwa hivo, walitegemea plastiki na vitufe vikukinge. Ukiunganisha simu hapo unashika volti 230 sikioni. Usiifungue tena mpaka upate transfoma ya kutenganisha, ile ya 230 kwa 230. Mafundi wa vifaa vya hospitali wanazifahamu, waulize.

Na wote mnaosoma: mkono mmoja mfukoni unapopima kitu chenye umeme. Hata ukizima, kapasita kubwa zinaweka chaji, itoe kwanza kwa rezista, usitoe kwa bisibisi kama wale mabwana wa kuonyesha cheche.

KijanaWaNkuhungu:
Daah mzee umenitoa jasho. Naiweka juu ya kabati na kitambaa cha kufuma 😅

Mama Mpwapwa:
Samahani naingilia, sisi ya kwetu haina waya wa umeme kabisa, taa zake ni DK96, DF96, DAF96 na DL96. Baba aliiacha. Ni mbovu?

Fundi Mstaafu:
Sio mbovu mama, hiyo ni redio ya betri, ilitengenezwa kwa watu wa mashamba wasio na umeme. Herufi D maana yake uzi wa volti 1.4 tu. Usiichomeke popote! Uzi wake ni mwembamba kuliko unywele. Ilikuwa inatumia betri mbili, moja ndogo ya kuwasha taa na moja kubwa kama tofali ya volti 90. Hilo tofali hulipati tena ila ukichukua betri kumi za volti 9, zile za mraba, ukaziunga mkia kwa kichwa, unapata 90, na upande wa pili betri moja kubwa ya tochi inatosha. Kapasita zikaguliwe kwanza. Jirani zetu Zambia enzi hizo bado Rhodesia ya Kaskazini walikuwa na ya aina hiyo mwaka 1949, kasha lake ni sufuria ya alumini iliyopakwa rangi, sio utani, ndo kitu cha bei nafuu walichokipata. Watu wa kijiji wakichangia betri moja wanasikiliza wote.

Mama Mpwapwa:
Ubarikiwe. Nitamwambia kaka asiiguse.

Mgogo wa Risasi:
Naendelea na yangu. Kazi yenyewe ya kubadilisha kapasita. Ndani kulikuwa na za karatasi kumi na moja, kumi kati yake zimezungushiwa nta, nta imeyeyuka imemwagika, na lile kopo la alumini lenye mikrofaradi 50 mara mbili. Rezista nyingi nilizipima zimepanda, ya ohmu laki mbili na ishirini elfu inasoma laki tatu, ndo uzee wa rezista za mkaa.

Wapi nilipata vitu. Mjini hapa nilizunguka maduka ya vipuri vya redio na tivi mpaka Sabasaba, kapasita za filamu za volti 630 zikapatikana nne tu. Zilizobaki nikaagiza Kariakoo, zikaja na treni ya mwendokasi asubuhi nimeagiza jioni niko nazo, hapo nikasema babu wa reli angefurahi. Za kopo nikanunua mpya ndogo za mikrofaradi 47 volti 450, nikazificha chini ya chasisi, kopo la zamani nikaliacha juu lionekane ila nimelikata waya. Mwenye duka mmoja akataka kunipa ya 220 "kubwa ndo nzuri", nikakataa, EZ80 haitaki zaidi ya 50 pale mbele yake, ukizidisha ule mkupuo wa kuwasha unaiua. Jumla mpaka naiwasha ilikula kama elfu themanini na tano bila nauli.

Sasa kuwasha. Kuna ujanja wa bulbu, unaweka bulbu ya moto ya wati 100 katikati ya waya mmoja wa redio, kama kuna shoti bulbu inawaka yote redio inapona, kama hakuna bulbu inawaka kidogo afu inafifia. Tatizo bulbu za moto siku hizi utazitoa wapi, kila duka ni LED, na LED haifanyi hiyo kazi. Nimetafuta wiki nzima.

Dada wa Makole:
Ungeniuliza mimi! Wafuga kuku wote tunazo, za kulelea vifaranga. Mimi ninazo sita.

Mgogo wa Risasi:
Ndo hapo nilipoipatia mwisho wa siku dada, kwa jirani mwenye banda. Vifaranga vyake vikakaa na jiko la mkaa usiku huo, niliwalipia mkaa.

Basi nimechomeka. Bulbu ikawaka, ikafifia. Taa zikaanza kuwa nyekundu taratibu kwa ndani, moja baada ya nyingine. Harufu ya vumbi la moto, harufu ya nta. Mke wangu amesimama mlangoni na ndoo ya mchanga. Kimya. Kama nusu dakika hivi kimya, mana hizi sio kama simu zinataka kupasha kwanza, afu spika ikaanza kuunguruma kidogo na nikizungusha kitufe nasikia kwara kwara. Sauti ya redio hai! Nikaruka.

Nikatoa bulbu, nikaiunga moja kwa moja. Na hapa ndo nilipofanya ujinga.

Zile kapasita za karatasi nilibadilisha kumi. Ya kumi na moja sikuibadilisha, ilikuwa na ganda la plastiki zuri linang'aa, sio la nta, nikasema hii mtu aliibadilisha zamani ni mpya. Ilikuwa ndo ile inayobeba sauti kutoka EBC81 kwenda kwenye gridi (mlango wa kuingizia sauti) ya EL84.

Fundi Mstaafu:
Astaghfirullah.

Mgogo wa Risasi:
Hahaha mzee tulia. Dakika tano hivi sauti ikaanza kukwama kama mtu ana mafua, nikachungulia nyuma nikaona bati la ndani ya EL84 limekuwa jekundu kama kaa la moto. Nikachomoa plagi kwa kuivuta waya, nikakaa chini.

Baadae nikapima kwa kuwasha sekunde chache: mguu wa pili, gridi, unatakiwa usome sifuri. Ulikuwa unasoma volti 9. Mguu wa tatu ambao kwa kawaida ni 7 hivi ulikuwa 15. Yani ile kapasita nzuri ilikuwa inavujisha volti za juu kwenda kwenye gridi, gridi ikiwa chanya taa inafunguka yote inapitisha umeme mpaka inajipika, na ikijipika muda mrefu inaondoka na transfoma ya spika.

Fundi Mstaafu:
Hiyo moja ndo inabadilishwa KABLA ya zote. Hata kama huna hela ya nyingine, hiyo moja. Iwe na sura ya malaika, ng'oa.

Mgogo wa Risasi:
Nimekoma. Shilingi mia nane tu ilikuwa bei yake. EL84 yenyewe ilipona, na hata ingekufa bado zinatengenezwa mpaka leo, Slovakia na Urusi, kwa sababu wapiga magitaa wanazipenda kwenye amplifaya zao. Ingekufa ECH81 ndo ningelia, hiyo mpaka upate iliyobaki stoo ya mtu.

Mtu wa Pwani:
Nimesoma mpaka hapa. Chai naifuta. Ila sasa inashika nini, stesheni zote si zimehamia FM?

Mgogo wa Risasi:
Swali zuri na linauma. FM haina kabisa, ilitengenezwa kwa ajili ya huku, ina masafa ya kati na masafa mafupi, kioo kimeandikwa mita 16, 19, 25, 31, 41, 49. Mchana masafa ya kati ni mvumo tu. Nikafunga waya mita kama kumi kutoka dirishani mpaka kwenye mwembe, ikapata nguvu, ila mvumo nao ukapata nguvu. Nikagundua mvumo mwingi ni wa kwangu mwenyewe, chaja za simu na bulbu za LED, ukizima moja moja unasikia redio inapumua. Usiku mita 25 na 31 kunachangamka, nimekuta Wachina, Waarabu, mahubiri ya lugha nisiyoijua. Kinachoniudhi ni kwamba siku umeme ukikata mtaa mzima ndo hewa inakuwa safi kama maji ya chemchemi, na hapohapo redio nayo imezima.

Mtu wa Pwani:
Sisi utotoni mita 25 tulikuwa tunaishika Zanzibar jioni, 11735, taarabu inakuja safi kabisa. Umenikumbusha mbali.

Dada wa Makole:
Na mbao je? Ulisema imepasuka.

Mgogo wa Risasi:
Mbao nilimpelekea seremala Chang'ombe akataka kuipiga mashine ya msasa nikamnyang'anya. Ile ngozi ya juu ya mbao haifiki hata milimita moja, mashine inaila mara moja. Tumeipiga msasa laini kwa mkono, ufa tumeujaza kwa gundi na unga wa mninga, vanishi mikono mitatu. Kitambaa cha spika alishona mke wangu. Koni ya spika nimeiziba na karatasi ya chujio la chai na gundi ya maji, usinicheke, inapiga.

Kilichobaki ni jicho. EM80 inawaka uzi ila kijani hamna, imechoka. Mwenye nayo aniambie.

Mgogo wa Risasi:
Wakuu narudi baada ya wiki mbili, mtacheka.

Yule jamaa wa kitunguu saumu amenipigia. Namba kaipata kwa mjomba. Anasema ana redio tisa chumbani kwake Kizota, amezikusanya Kondoa mpaka Manyoni, mnunuzi wa Dar hapokei simu tena, na mwenye nyumba anataka chumba. Ananiuliza kama mimi "nazitumia kwa kazi gani".

Nimeenda jana. Tano amezivunja taa zote, sakafu nzima vioo. Nne bado hajazigusa. Nimemwambia ukweli wote wa ile bariamu, hakusema kitu, alikuwa anaangalia tu zile nne. Nimenunua tatu kwa elfu kumi kumi, ya nne amesema ataibakiza kwanza, "huwezi jua".

Moja kati ya zangu ilikuwa na EM80, fedha yake juu inang'aa. Nimeichomeka kwa babu jana saa mbili usiku. Inawaka hafifu, lazima uzime taa ya chumbani ndo ulione, ila nikizungusha mshale pole pole kwenye mita 31 lile jicho linajifunga kabisa, afu linafumbua, afu linajifunga. Mtoto amekaa mbele yake saa nzima anasema redio inamkonyeza.

Kwa hizi tatu natafuta kioo cha mbele kimoja, kama sentimita 38 kwa 9. Mwenye redio iliyooza mbao kioo kikiwa kizima anitafute PM, nipo mjini mpaka Ijumaa.